Akiugua Mama Robi

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaachia Nyasura, na vilima vya Bunda vilionekana nusu, kama mtu amevichora kisha akavifuta kwa kiganja. Wanaume watatu walikuwa kwenye benchi mbele ya banda la Mama Kija, muuza kahawa. Burito, fundi baiskeli, alikaa pembeni. Katikati alikuwa Leodgar, waliyemwita Redio kwa sababu habari ikishamfikia haizimiki. Wa tatu alikuwa Matiko, mfugaji wa Mugeta, aliyepewa jina la Kamanda siku alipowapanga watu foleni kwenye josho la ng'ombe. Gari la matangazo lilikuwa limetoka kupita. Homa mpya imeingia mikoa ya jirani, kipaza sauti kilisema. Hapa bado, ila kila kaya ijiandae kukaa ndani siku kumi na nne: maji, sabuni, chakula, na chumba cha mgonjwa. Sauti ikaenda ikififia, ikamezwa na ukungu.

— Siku kumi na nne si kitu, alisema Redio, akipuliza kikombe chake. Mimi udaga wa muhogo ninao, dagaa ninao gunia zima.

— Na maji? aliuliza Kamanda.

— Mvua italeta.

— Mwezi huu?

Redio akanywa kahawa.

— Nyie watu wa mjini mnahangaika bure, alisema Kamanda. Hii homa haipendagi ng'ombe. Mwaka ule wa korona mimi nilikuwaga nalala zizini, hata kukohoa sikukohoa. Safari hii naingiza familia yote. Watoto huku, ndama huku, mlango nafunga.

— Ulipimwa? aliuliza Redio.

— Nipimwe nini, na mimi nilikuwa mzima?

Burito alitabasamu. Kahawa ilikuwa chungu, ya moto, na ilimfanya aone mambo taratibu.

— Zizini inzi watawamaliza, alisema Redio. Mimi nimeshawaza. Napanda mtumbwi na familia, tunatoka kule Kiriba, tunakaa majini. Homa itatufuataje? Sato tunavua hapo hapo, maji ya kupikia tunachota hapo hapo.

— Peke yako ziwani siku kumi na nne? Utaongea na nani? aliuliza Kamanda.

— Basi tunaenda wote. Nyasura nzima. Tunafunga mitumbwi kwa kamba, mmoja na mwenzake. Huu wa duka, huu wa kanisa, huu wa Mama Kija na birika lake.

Mama Kija alimjazia kikombe.

— Na ng'ombe zangu? aliuliza Kamanda, na sauti yake ilikuwa imelainika, kama mtu ambaye ameshaingiza mguu mmoja mtumbwini.

— Ng'ombe tunawatengenezea jukwaa. Nyasi tunapanda juu yake. Jioni unasikia kengele zao, lakini nchi kavu huioni.

Burito aliuona mtaa wake ukielea: kamba za nguo kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, moshi wa majiko ukitambaa juu ya maji, watoto wakipitishiana vitabu kwa makasia. Hakuna mgonjwa. Hakuna anayekwenda popote. Alitamani akae humo humo.

— Shikamooni.

Alikuwa Adventina, mhudumu wa afya wa mtaa, binti aliyehamia miezi mitatu tu iliyopita, daftari mkononi.

— Marahaba, walijibu kwa pamoja, kama watu walioamshwa.

— Napita kwenye kaya kuona maandalizi. Nianze na wewe, Baba Robi. Nyumbani kwako mtu akiugua, anauguzwa na nani?

Burito hakuhitaji kufikiri.

— Mama Robi.

— Na akiugua Mama Robi?

Burito alimgeukia Redio.

— Ataitwa dada yake, alisaidia Redio.

— Dada yake atakuwa amejifungia kwake, baba. Kila mtu atakuwa kwake. Na kwako ni nani?

Redio akageukia birika. Kamanda alianza, "Kwangu mimi..." akaishia hapo, akawa anatazama barabara. Adventina alisubiri, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Halafu akaacha mstari ule wazi, akawaaga kwa upole, akaingia nyumba ya jirani.

Burito aliweka kikombe chini kabla hakijaisha. Miaka miwili nyuma alishikwa na taifodi, na kwa siku tisa mkewe Euphrasia alimlisha uji kwa kijiko, akamgeuza, akamwosha. Hakuwahi kuuliza ule uji ulipikwaje. Hakujua hata mashuka yanawekwa wapi.

Alirudi nyumbani, akamkuta mkewe uani, anachekecha unga wa mtama.

— Umesahau spana?

— Hapana. Nifundishe uji wa mgonjwa.

Euphrasia aliacha kuchekecha.

— Nani anaumwa?

— Hakuna. Tuseme ni wewe.

Alimtazama muda mrefu, akitafuta utani usoni pake, na hakuuona. Kisha akajipangusa unga mikononi, akatandika mkeka kivulini, akajilaza. Kutoka pale pale akawa anamwelekeza: moto upunguze, unga uukoroge kwanza kwenye maji ya baridi, usiache kukoroga, koroga, Baba Robi, unawaza nini.

Uji ulitoka na madonge. Burito alimwinua kichwa kwa mkono wake mzito wa spana, akamlisha. Kijiko cha kwanza kilimwagikia kidevuni, akampangusa kwa kidole. Euphrasia alikunywa hadi mwisho, madonge na yote.

— Sasa mgonjwa anafanyaje? aliuliza Burito.

— Analala.

Akafumba macho kwa kuigiza. Lakini baada ya muda pumzi zake zikawa ndefu, mkono ukamlegea, na Burito akagundua kwamba amelala kweli, mchana, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu amuoe. Akakaa pembeni ya mkeka, akifukuza inzi kwa kipande cha boksi, na wateja wa baiskeli waliomfuata nyumbani wakipiga hodi aliwaashiria kwa kidole mdomoni wasubiri.