Salomon Musafiri na Gari la Mama Heri

Wapendwa mliotoka Kasongo, Kabambare na hapa hapa Lusangi kuja kutufuta machozi, familia imenipa mimi Placide, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na imeniruhusu kuwaambia mapema kwamba atakayecheka katikati hatakuwa amekosa adabu, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kuisimulia habari ya gari lile bila kucheka mpaka akashika mbavu.

Salomon Musafiri alizaliwa hapa Lusangi tarehe 9 Machi 1967, mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu Jean-Paul na mama yetu Véronique, akasoma shule ya msingi hapa, kisha akaenda Kasongo kwenye shule ya mapadri, akamaliza mwaka 1986, na mwaka uliofuata akaanza huko huko Kasongo kazi ya kukamua mawese, kwanza kwa mikono, baadaye kwa mashine yake mwenyewe, kazi aliyoifanya mpaka mwili ulipomkatalia. Aliyapenda mawese kupita kiasi: mlango ukilia, mawese, mnyororo wa baiskeli ukikwama, mawese, mtoto akikohoa, mawese tena, na ukimbishia alikutazama kwa huruma.

Tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa na Régina, binti wa Bi Amisa wa Kabambare, Mungu akawapa Heri na Falonne, nyumba ikachangamka. Mwaka 2014 Mama Heri alianguka na pikipiki kwenye matope, mguu wake wa kushoto ukavunjika na kuunga vibaya, na tangu hapo hakuweza kupanda pikipiki wala baiskeli, nanyi mnaijua barabara ya Kabambare, haina gari la abiria, kwa hiyo miaka ikapita bila kumwona mama yake, huku mama huyo akizidi kudhoofika, na kila msafiri akileta salamu ile ile, kwamba Bi Amisa anamwomba Mungu amwonyeshe Régina kabla hajafumba macho.

Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 2018, wakati watu wenye akili zao wakinunua magari ya kubadilisha vitesi, yaani gia, kwa mkono, Salomon alinunua gari kuukuu la otomatiki, lisilo na pedali ya mguu wa kushoto, ili mkewe aliendeshe mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama yake. Kasongo nzima ilicheka, na kiangazi kilipofika gari nalo likaanza vituko, asubuhi ukiweka vitesi injini inanguruma lakini magurudumu hayasogei, jua likipanda linatembea kama halikuwahi kugoma. Mafundi wawili wakalitazama, wakasema boite, yaani sanduku la vitesi, imekufa, dawa ni kuing'oa na kufunga ya mkono, na Salomon akaelewa kwamba pedali ya kushoto ingerudi na Mama Heri asingeendesha kamwe. Akatangaza kwamba ataifungua yeye mwenyewe, yeye ambaye hakuwa amefungua hata redio.

Alianza kwa kuchomoa kijiti cha kupimia mafuta ya boite, akampa mkewe amshikie, Mama Heri akakinusa, akakunja uso, akasema: "Baba Heri, hii haiko mafuta ya gari, iko mawese!" Ndugu zangu, yalikuwa mawese kweli, na aliyeyatia ni kaka yetu kwa mkono wake, maana aliona mafuta ya boite yamepungua, akaona ni mekundu, akasema mekundu ni mekundu, akaongeza ya mashine yake, tena yale mazuri ya kuwekea wageni. Asubuhi ya baridi yaliganda, mchana yakayeyuka, na huo ndio ugonjwa ambao mafundi waliuita kifo.

Hapo akapandwa na moto, akajilaza chini ya gari, akafungua bakuli la chini ya boite, akaosha chujio, akatazama sumaku iliyomo ndani, akaona imeshika unga laini tu wa chuma, hakuna hata kipande kilichovunjika, akatoka mbio akipiga kelele kwamba boite iko hai, majirani wakadhani amepata mjukuu. Akaliona na bomba la mpira lililokuwa likivujisha, akalibadilisha, na Heri, aliyekuwa akisoma Bukavu, akatuma mafuta ya kweli kwa pikipiki, wakajaza, wakawasha injini, wakamwaga, wakajaza tena, mpaka yakatoka bila harufu ya jikoni. Asubuhi moja ya ukungu Mama Heri akakaa kwenye usukani, akasogeza kijiti cha vitesi, na gari likaenda, kweli likaenda, Salomon akikimbia mbele yake hadi karibu na soko, mikono juu, mafuta mpaka kwenye masikio, akiita kila mtu aje kuona.

Tarehe 20 Julai 2019 Mama Heri aliingia Kabambare akiendesha. Bi Amisa, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alimpapasa uso, akauliza nani amemleta, akajibiwa: "Nimejileta, mama," na walilia na kucheka wakati mmoja, na hata alipofariki mwaka uliofuata alikuwa ameonana na binti yake hadi wakatosheka.

Mwezi Mei 2025 marehemu alianza kuugua ini, akatibiwa hospitalini Kasongo, akafariki Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, alfajiri, mkewe akimshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliolala nasi matangani, wakamuaji wenzake, hata mafundi wale wawili, ambao wamekuja na wameomba tusiwataje majina.

Jana tulipotafuta dereva wa kumleta marehemu hapa, Mama Heri alikataa, akaomba ufunguo, na leo ni yeye aliyemwendesha mumewe kutoka Kasongo, polepole, akizungumza naye njia nzima. Salomon, umefika nyumbani, shuka upumzike kwa amani.