Mwalimu Mikono Nyuma

Msikilizaji wangu, umewahi kumwamkia mtu mzima akakuacha umeinama tu?

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Raphaeli Tluway, Mmbulu wa Qurus, hapa Karatu. Alifariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya moyo, amebakiza siku tisa astaafu. Siku tisa tu. Miaka ishirini na minane alifundisha shule moja ya msingi kule Ngorongoro, kwa wafugaji wa Kimaasai, na hakupendwa.

Sababu ni hii. Mtoto wa Kimaasai humwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Mwalimu hakugusa. Alifunga mikono nyuma, akasema, simama wima, ingia darasani. Wazazi wakasema Mmbulu huyu anatudharau. Wakamwita Mikono Nyuma, hata akiwapo.

Ijumaa, siku nne kabla ya kifo chake, shule iliandaa hafla ya kumuaga. Mkewe, Bi Marsela, anasimulia kuwa asubuhi hiyo chai aliiacha mezani. Koti alilipiga pasi mara mbili. Akauliza kama wazazi watakuja. Akauliza tena. "Nikamwambia, Baba Dorkasi, kaa chini, utatuchakazia sakafu."

Saa nne, pale shuleni, viti vitupu. Saa tano, viti vitupu. Walimu wenzake wakaanza kuchungulia sufuria ya pilau. Yeye macho barabarani. Vumbi likiinuka anasimama, kumbe ni gari la watalii. Anakaa.

Saa sita akaja mama mmoja, Soila, aliyesoma kwake zamani, na bintiye Nashipai wa darasa la kwanza. Mtoto akainamisha kichwa. Mikono ya mwalimu ikaenda nyuma, kama siku zote. Soila hakumwinua mwanawe. Akauliza taratibu, "Mwalimu, mimi niliinama hivi miaka saba. Tulikukosea nini?"

Bi Marsela, aliyekuwa ameketi karibu, anasema aliona mikono ile ikifunguka nyuma ya koti.

Pole sana, Bi Marsela. Pole Dorkasi na wadogo zako, na ndugu wote wa Qurus. Nasi tuliobaki tujiulize leo hii: ni nani tunayemwogopa, naye anadhani tunamdharau?

Basi mwalimu alinyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha Nashipai, akauacha hapo. Ndipo akamjibu Soila.

"Nilitaka kuwagusa tangu siku ya kwanza, mwanangu. Nilidhani kichwa cha mtoto huguswa na wazee wa kwao tu. Niliogopa mtaniambia, wewe si wetu."