Risala ya Chumba 412: Majibu Tuliyonakili

Mgeni rasmi, Dakta Ouyang Peifen, Naibu Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wenzetu wa Bweni la Saba:

KARIBU

Karibu sana, Mama. Hakuna kiongozi aliyewahi kupanda ngazi mpaka ghorofa hii, na tumefurahi kwelikweli. Utusamehe harufu ya tambi za pilipili. Tumepiga deki mara mbili, imegoma kutoka.

TULIKOTOKA

Kila vuli chuo hutupa fomu ya afya ya akili. Tuseme ukweli, tulikuwa tunanakili. Waliotutangulia walituachia majibu "mazuri", maana ukijibu vibaya unaitwa ofisini na mzazi anapigiwa simu. Nani anataka mama yake aangue kilio sokoni?

Kitindamimba wa chumba chetu, Qu Meilan, naye alinakili, akatushinda wote kwa alama. Wiki tatu baadaye alikuwa hali chakula, haogi, hafungui pazia la kitanda. Sisi tukawa tunamtania, "We malkia, leo tena hutoki?" Tunaona aibu mpaka leo. Siku moja Tian Rui akalivuta lile pazia, akamwuliza waziwazi, "Mdogo wangu, unataka kufa?"

"Ndiyo, dada. Mbona mmechelewa kuniuliza?"

Saa ileile tulimpeleka kwa mshauri, Mwalimu Shen, tumemshika mikono.

MAFANIKIO

Meilan yu hai! Ametibiwa miezi minane kwao, anakula, na kwenye simu anatutukana kama zamani. Jamani, tumeshusha pumzi! Vuli hii bweni zima limejaza fomu bila kunakili, na wenzetu arobaini na mmoja wameitwa ofisini. Mwaka jana hakuitwa hata mmoja. Mwalimu Shen amechoka hoi, lakini anacheka.

CHANGAMOTO NA OMBI

Kanuni inataka anayerudi kutoka likizo ya ugonjwa apangiwe darasa jipya na chumba kingine. Meilan amekataa katakata: "Nikalale na watu nisiowajua, nianze tena kunakili?"

Mama, hatuombi kiyoyozi, ingawa joto la Juni unalijua. Tunaomba saini yako arudi kwenye kitanda chake. Yuko stesheni sasa hivi na begi lake. Amekata tiketi ya kurudi kwao pia, kwa kuwa hajui utasema nini. Simu hii hapa, Mama, mwambie mwenyewe.

Tunakuombea afya, na usingizi usio na mawazo.

Ni sisi, Chumba 412:
Luo Qiaoyun, msomaji
Tian Rui
Gan Sisi
Qu Meilan