Mwenye Sanduku wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Roscoe, weka hiyo kalamu chini. Sogea, nawe Verlene kaa hapa kitandani, mnisikilize wanangu, maana mtu wa kampuni ya vitabu anafika saa sita na mkataba wake, na pumzi niliyobaki nayo sitaki kuimalizia kwake.

Kamera zangu ni za Verlene, kwa kuwa anajua kungoja. Roscoe, nyumba ni yenu wote wawili, usimfukuze dada yako. Saa ya babu yenu msiigombanie, haitembei.

Kinachonikaba ni kitabu. Picha ni zangu, maneno ni ya marehemu Lucius Bascombe, aliyezitazama akazitungia hadithi. Hadithi, wanangu, za kichwani mwake. Lakini watu wa huu Mtaa wa 131 hapa Harlem walipoona mle ngazi zao na makoti yao, wakasema kama sura ni za kweli, na maneno ni ya kweli.

Ukurasa wa arobaini na moja mnaujua. Asubuhi na mapema, mwanamume mwenye sanduku anatoka mlangoni kwa Odessa Pettway, na Odessa amemshika mkono, analia. Lucius akaandika kwamba ni hawara anayewahi kuondoka kabla mume hajarudi. Basi mumewe, Wendell, alikuwa mtumishi wa mabehewa ya kulala kwenye treni, siku tano safarini, mbili nyumbani. Aliporudi alikwenda kunyolewa, akakuta kitabu kinasomwa kwa sauti na wateja wanacheka. Aliondoka na nusu ya ndevu, na jioni ileile akabeba nguo zake. Kanisani wakamvua Odessa glavu nyeupe za uhudumu, asipokee tena watu mlangoni.

Yule mwanamume ni Thaddeus, kaka yake, alikuwa anakwenda Carolina kumzika mama yao. Nilijua. Nilipomaliza kupiga picha nilimsaidia kubeba sanduku hadi stesheni.

Odessa alikuja hapa. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Bwana Tisdale, wewe ulikuwepo. Njoo kanisani Jumapili useme hilo tu, ukae."

Nikamwambia nitakuja. Wiki ile magazeti yalikuwa yananisifu kwamba nimeonyesha Harlem ilivyo, nikaogopa watu wakijua maneno ni ya kubuni watazitilia shaka na picha. Sikwenda. Miaka thelathini na minane nikimwona navuka barabara. Naona aibu, wanangu, hata sasa.

Usinikunjie uso, Roscoe. Najua kitabu kikichapwa upya kitakufaa. Usitie sahihi mpaka mmepanda ghorofa ya nne kwa Odessa, mumwamkie, msimame hata asipowapa kiti. Akisema ukurasa ung'olewe, ung'olewe. Akisema kitabu kizima kife, kife nami. Filamu ya picha ile mpeni mkononi, aichome akitaka.

Verlene, nipe kitabu. Kalamu... hapana, ishike. Andika wewe, pale pale juu ya maneno ya Lucius. Huyu ni Thaddeus, kaka yake Odessa. Tisdale alikuwepo. Umeandika? Nisomee.

Vyema.

Mungu awalinde, awape macho ya kuona, na ulimi... usiogope kama wangu. Roscoe, mshike dada yako ngazini. Nendeni, kabla ya saa sita. Na mlango msiufunge. Mwambieni nipo... akitaka kuja kunitukana, mwambieni bado nipo.