Afande Kimutai na Kona za Tango

Jumamosi saa kumi, joto la Agosti, benchi mbele ya duka la kufulia nguo, mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, Texas. Wenye benchi ni watatu: Thaddée Nduwayo wa Burundi, dereva wa forklift, gari la kunyanyulia mizigo ghalani, aitwaye Rivasi; Method Kahigi wa Bukoba, aitwaye Ikweta kwa kupenda jiografia; na Kimutai arap Lelei, aliyefundisha gwaride la polisi huko Kenya, aitwaye Afande. Saa kumi na nusu Jerioth, mkewe Kimutai, muuguzi wa zamu za usiku, angempitia waende darasa la tango, ile dansi ya wawili wawili. Katika wiki nzima, saa hiyo moja tu ndiyo iliyowakuta wote wawili macho. Lakini Jumamosi iliyopita Jerioth alimwachia mkono katikati ya ukumbi, akasema: "Ukinivuta tena, Kimutai, mimi darasa nimeacha."

— Hebu onyesha, alisema Rivasi.

Kimutai akasimama, akakumbatia hewa. Hatua, hatua, halafu akageuka ghafla kama aliyeamriwa.

— Hapo kwa kubadilisha mwelekeo ndipo tunagongana. Nahesabu moja, mbili, geuka! Yeye bado anaenda.

— Kwani unageuza mbele? Forklift, ndugu yangu, inakata kona na magurudumu ya nyuma. Sukuma kiuno, mengine yatafuata.

— Nimsukume Jerioth? Unataka nilale kwa gari?

— Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Upwa umetoka wapi hapa Dallas?

Ikweta akamimina kahawa.

— Mnahangaika bure. Tango ni ya Argentina, kusini mwa ikweta. Huko hata maji ya sinki yanazunguka kinyume. Hapa Texas mwalimu akisema kushoto, we nenda kulia.

— Mwalimu mwenyewe ni wa Mansfield, hapa hapa Texas!

— Ndiyo maana hamgeuki! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ni duara.

Kimutai hakucheka. Zilibaki dakika tano. Akajaribu tena, akaisikia sauti yake ya uwanjani: geuka!

Scholastique, anayetandika vitanda hotelini, alikuwa ametoka dukani na kapu la nguo safi. Akasimama kumtazama.

— Afande, ukimwambia mama ageuke, anakuwa amekanyagia mguu gani?

Rivasi akamtazama Ikweta. Ikweta akaitazama kahawa.

— Wa kushoto, alisema Kimutai. Kisha: — Ama wa kulia.

Uwanjani askari wote walikanyaga mguu aliouita yeye. Hakuwahi kuhitaji kutazama.

Gari likasimama. Jerioth akashuka, akaegemea mlango.

— Twende, au nirudi nikalale?

Kimutai alimtazama. Uzito wake wote ulikuwa kwenye mguu wa kushoto. Wa kulia uligusa lami kwa ncha ya kiatu tu, kama anayejaribu maji ya moto. Akaenda polepole, akasimama mbele yake, mikono chini.

— Goti linakuuma tangu lini?

Jerioth akaliinamia goti, akalisugua.

— Tangu Pasaka.

Kisha akamwekea mkono begani. Kimutai hakuhesabu. Akangoja.