Mwenye Darasa Yuko Kiti cha Pili

Basi la asubuhi lilijaa usingizi, isipokuwa kiti cha msichana mmoja. "Dada, leo naanza kufundisha! Nashika nafasi ya mwalimu aliyeenda kujifungua, darasa la tatu, shule ya kule kilimani. Nikiboronga leo, hawaniiti tena."

Mama wa pembeni, ambaye tumbo lake lilifika kiti cha mbele kabla yake, akatabasamu. "Watabadilishana majina, hao. Waambie watoe madaftari, majina yapo juu. Na yule mwenye pengo mpe kazi ya kufuta ubao, atakulindia darasa zima."

"Umewajuaje?"

"Si ndio wanafunzi wangu hao!"

Msichana akaruka, paa la basi likanusurika. "Nikikwama nikupigie?"

Basi likasimama hospitalini. Mama akamtajia namba, akajikokota hadi mlangoni, akageuka: "Piga, Mwalimu! Ila wasikupende kupita kiasi. Narudi!"