Oke ya Mshonaji

Asubuhi hiyo hakuna aliyegusa habari za mpira. Benchi letu, mbele ya kibanda cha kinyozi, lilikuwa na kesi nzito. Fundi Pasi, mtu wa makamo anayetengeneza pasi na feni, hatimaye alikuwa amemposa mshonaji wa mtaa wa pili, mjane mcheshi anayemkosesha usingizi siku nyingi. Mshonaji kamjibu neno moja tu: oke. Kahawa ilikuwa inampoa Fundi mkononi. Nilimwonea huruma, lakini ubishi mtamu bwana, nikasogea.

KINYOZI: Oke ni ndiyo! Mteja nikimuuliza nipunguze pembeni, akisema oke, napunguza. Huyu kashaoa.

PROFESA (cheo kapewa na miwani yake): Taratibu. Mke wangu nikimwambia leo nachelewa, husema oke. Nikirudi nakuta komeo. Oke ni vita.

FUNDI: Mungu wangu!

KINYOZI: Aliivuta? Okeee?

FUNDI: Fupi. Alikuwa na pini mdomoni.

PROFESA: Ahaa! Mwenye pini mdomoni hawezi kusema hapana, atajichoma ulimi. Jaribu uone.

KINYOZI: Kwa hiyo hapana yake bado iko nyuma ya pini?

PROFESA: Imejibanza hapo hapo. Akizitema tu, umekwisha.

FUNDI: Jamani, mnaniua. Nimejikaza miaka, leo nimesema, halafu sijui hata kama nimekubaliwa!

Mama mmoja alikuwa amesimama pale kitambo, pasi yake mbovu mkononi, akingoja fundi amwone.

MAMA: Samahani, kaka zangu. Kwani ulimwambiaje?

FUNDI: Nilimwambia... pasi yake ikiharibika tena, asimpelekee mtu mwingine. Aniletee mimi. Siku zote.

MAMA: Enhe?

FUNDI: Basi. Si ataelewa?

MAMA: Sasa kwa maneno hayo, ulitaka akujibu nini?

Kinyozi akaanza kusafisha mashine iliyokuwa safi. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mimi nilitamani kucheka, nikaona aibu. Fundi aliweka kikombe chini, akasimama, akaugeukia mtaa wa pili, ndipo akaikumbuka kazi iliyoletwa.

FUNDI: Dada, pasi yako...

MAMA: Nenda, kaka. Yangu itasubiri.